Siku nzima na kivuli cha mkwaju

Saa 12 asubuhi. Nimefika kiwanjani Mikindani, pwani ya Mtwara, umande ungali kwenye majani ya mikorosho. Kiwanja kiko ubavuni mwa kilima, ghuba inaonekana chini, na katikati umesimama mkwaju mkubwa. Mwenye kiwanja, mama muuguzi mstaafu ninayemchorea nyumba, alinipigia jana: "Mwanangu, tafuta mtu wa msumeno na greda, tusawazishe." Nikamwomba anipe siku moja tu. Jua likichomoza na kupanda kidogo, nitachomeka kijiti cha kwanza ukingoni mwa kivuli. Kila saa nitachomeka kingine.

Saa 2. Mimi na fundi tunapima mteremko kwa mpira wa maji. Ndani ya mita 20 ardhi inashuka mita 2 na nusu. Zamani niliwahi kukubali kiwanja kama hiki kikwanguliwe. Mvua za Januari zikashusha udongo hadi jikoni kwa jirani, bibi wa watu akawa anazoa tope kwa karai. Sijasahau. Hapa nyumba itashuka pamoja na kilima kwa vidato vitatu: sebule juu, jiko katikati, vyumba vya kulala chini.

Saa 4. Shimo la majaribio limetoa mchanga mwekundu, kisha mawe ya matumbawe ya kale, yale yale yaliyojenga nyumba za zamani za hapa Mikindani kwa chokaa. Fundi anagonga moja kwa nyundo, anasikiliza. "Hili zima." Yatajenga kuta za kushikilia udongo.

Saa 6. Julai hii jua la mchana liko kaskazini. Desemba litahamia kusini. Kwa hiyo kuta ndefu zitatazama pande hizo mbili, upenu wa mita 1 uzikinge. Mashariki na magharibi, kuta fupi.

Saa 7. Ugali kwa pweza, chini ya mkwaju.

Saa 9. Mama anafika. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu. Mbona mti bado upo?" Namwonyesha vijiti vyangu. Vimezunguka kama mkufu kutoka magharibi, vikapitia kusini, na sasa kivuli kimelala kusini mashariki. Namtandikia mkeka hapo hapo. Upepo wa kusi unakuja, ushungi wake unapepea. Mita tatu tu pembeni, mchanga unaunguza nyayo.

Ananyamaza kitambo. "Kitanda kitakaa hapa?"

"Hapo hapo, mama. Mti ukikatwa, chumba hiki kitakuwa tanuri."

"Na mizizi haitapasua ukuta?"

Swali zuri, nami nimeliwaza tangu asubuhi. Namweleza kwamba chumba kitasogea nje ya matawi, na upande wa mti tutasimamisha nguzo badala ya kuchimba mtaro mrefu wa msingi, ili mizizi mikubwa ipite kati ya nguzo.

Saa 11. Tunang'oa vigingi viwili, tunavisogeza, fundi anafunga kamba upya. Mama bado yuko mkekani, anatazama ngalawa zikirudi. Anauliza kama dirisha la chumba linaweza kushuka kidogo, azione akiwa amelala. Nachukua futi, napima kutoka mkekani hadi usawa wa macho yake.