Rotifa alivyotulia kwenye bamia

Kazi yangu ni picha za pasipoti. Kibanda kipo Igoma, Mwanza, kitambaa cha bluu nyuma, stuli moja, na maneno yaleyale kutwa nzima: inua kidevu, usicheke, tulia. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani mimi ni mtaalamu wa maabara. Mteja wa mchana ukimwambia tulia, anatulia. Wateja wangu wa usiku, rotifa na vijidudu wenzake wadogo mno wa kutazamwa kwa hadubini, wanaishi kwenye tone la maji ya Ziwa Victoria na hawana masikio.

Hadubini niliipata kwenye zahanati moja ya binafsi iliyokuwa inafungwa, wanauza mpaka mabenchi. Ilinitoka laki mbili na ushee, ukiweka na bodaboda, nikaipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Ni ya jicho moja, ya zamani, ina kioo cha kurudishia mwanga chini na lenzi tatu: za kukuza mara 4, 10 na 40. Nikampigia kaka mmoja wa Dar anayejua kamera, nikamuuliza simu yangu itafaa? Akacheka. "Ngosha, bila kamera ya milioni tatu utapiga giza tu."

Siku ya kwanza kweli nilipiga giza. Duara jeusi, katikati kimwanga kama mwezi mwandamo. Lakini kosa halikuwa la simu, lilikuwa la mkono. Simu inataka kusimama umbali mmoja tu juu ya lenzi ya kuchungulia, kwenye hadubini yangu ni kama sentimita moja na nusu. Ikisogea kidogo tu, giza linakula picha pembeni. Nikakata kipande cha bomba la plastiki, ndani nikabana soli ya ndala iliyochakaa, nikakigandisha kwenye kava la simu. Soli ya ndala inabana bila kukwaruza. Gharama yake bure, ingawa mama Kulwa bado anasema ndala ile haikuwa imechakaa na haikuwa yangu.

Na yule kaka nilikuja kumwambia: aliyeviona kwanza viumbe hawa, Antonie van Leeuwenhoek wa Delft kule Uholanzi, miaka ya 1670, alikuwa muuza vitambaa. Lenzi akisaga mwenyewe. Angezaliwa huku angekuwa na meza kwa wamachinga wa Makoroboi.

Taa isiwasumbue sana. Balbu ya umeme ya bei poa ilinipa mistari inayotembea kwenye video, kwa sababu inapepesa mara 100 kwa sekunde ingawa jicho halioni. Tochi ya betri haina shida hiyo. Mbele yake weka kipande cha kidumu cheupe ili mwanga usambae. Kile kioo cha chini usikielekeze juani hata siku moja, utaunguza jicho.

Maji nachota Luchelele, nikiwa nimesimama juu ya jiwe, chupa imefungwa kwenye fimbo. Siingizi mguu. Ziwa letu lina kichocho, na mdudu wake anapita kwenye ngozi bila kubisha hodi. Wengi wanachota maji ya katikati yaliyo meupe, halafu wanalalamika hawaoni kitu. Chukua gugu maji, mizizi yake ikamulie ndani ya chupa. Gugu hilohilo linalozuia mitumbwi, mizizi yake ni mji mzima: kuna votisela, kama vikengele vilivyosimama kwenye mashina membamba, ukigonga meza tu shina linajikunja kama springi halafu linanyooka taratibu, na kuna rotifa, ambaye ndiye niliyemtaka.

Ukitaka siklopsi, kidudu cha majini jamii ya kamba na kaa, iga wavuvi wa dagaa. Wao wanasubiri usiku usio na mwezi, wanawasha taa, vidudu vinafuata mwanga na dagaa wanafuata vidudu. Mimi nilimulika tochi kwenye ubavu wa ndoo ya maji ya ziwa, robo saa baadaye walikuwa wamejazana upande huo, nikawavuta kwa bomba la sindano. Nilijiona nina akili sana, mpaka nikakumbuka kwamba mvuvi wa Kirumba angeniambia hayo bure.

Sasa rotifa. Ana taji mbili za vinyweleo kichwani zinazoonekana kama magurudumu yanayozunguka. Hazizunguki kweli, vinyweleo vinapiga kwa zamu na jicho linadanganyika. Nilimwona siku ya kwanza. Kumpiga picha kulinichukua wiki saba, maana kwenye lenzi ya 10 anakatiza uwanja mzima kabla kidole hakijafika kwenye simu. Mtu mmoja akanishauri niweke chumvi kidogo. Niliweka. Walitulia, ndiyo, wamekunjamana kama zabibu kavu, na hawakuamka tena. Nikajaribu nyuzi za pamba, maana huku pamba si ya kutafuta. Kwa paramesiamu, kijidudu cha seli moja, ni dawa nzuri, anazunguka ndani ya zizi la nyuzi. Rotifa yeye anajishika kwenye uzi na kujificha nyuma yake.

Jioni moja tunakula ugali na mlenda. Natazama tonge linavyovuta ule utelezi, hauachii. Nikasimama na kijiko. "Baba Kulwa, unakwenda wapi na mboga?" Sikujibu. Tone la mlenda, tone la maji ya gugu, kioo juu. Nikachungulia, na mwili ukasisimka. Viumbe vya duara, vya rangi ya dhahabu, vinang'aa, vikubwa kwa vidogo, vimetulia tuli! Nikapiga picha kama arobaini. Nikamtumia kaka wa Dar usiku uleule na maneno haya: hawa sijawaona kwenye kitabu chochote. Kisha nikamwita Kulwa, yuko kidato cha pili, aone baba yake amegundua nini. Akachungulia sekunde tatu.

"Baba, haya si mafuta ya karanga?"

Yalikuwa mafuta ya karanga. Rotifa wenyewe walikuwa wamekufa pembeni, wameuawa na chumvi na magadi. Picha zile hazikufutika Dar, nasikia zinaoneshwa kwa wageni.

Ila wazo lilikuwa sahihi, kilichokosewa ni mapishi. Siku ya pili nilikata bamia mbichi tatu, nikaziloweka kwenye maji ya mvua (ya bomba yana klorini), nikachuja ute kwa kitambaa safi. Tone moja la ute kwa tone moja la maji. Ukizidisha unapata mapovu, na povu la hewa, niamini, linafanana na ugunduzi. Kwenye kona nne za kioo cha juu paka vaselini kidogo kisimame kama meza, la sivyo kinamkandamiza mnyama.

Rotifa akaanza kwenda kama mtu anayevuka tope. Halafu akajishika kwa mkia, akafungua magurudumu, akala. Taya zake kooni zilikuwa zinatafuna na nikaziona. Nikapiga picha kwa kubonyeza kitufe cha sauti kwenye waya wa hedifoni ili simu isitikisike. Picha kumi na nne, tisa kali.

Moja nimeitundika kibandani katikati ya sampuli za pasipoti. Kaka wa Dar aliponiuliza nimenunua kamera gani, nilimtajia bei ya bamia.

Slaidi, vile vioo vya kuwekea tone, zioshwe usiku uleule. Ute ukikauka kwenye kioo hautoki kirahisi, na mimi nilishavunja mbili nikisugua.