Musa alipotoka kuwaendea ndugu zake

Bwana asifiwe wapendwa, poleni na majukumu ya wiki. Zamu ya tafakari imeniangukia mimi, nilitaka kuikwepa nikashindwa, kwa hiyo vumilieni maana leo nitasema na ya nyumbani kwangu.

Tufungue Kutoka 2. Hii sura tumeanza nayo sande skuli, tunajua kisafina, tunajua binti Farao anashuka kuoga, halafu tukitoka hapo tunaruka mpaka kwenye kijiti kinachowaka moto. Katikati hapo kuna mstari wa 11 ambao tunaupita kama haisi inavyopita kituo kisicho na abiria: "Musa alipokuwa mtu mzima, akatoka kuwaendea ndugu zake." Stefano kwenye Matendo 7:23 anatupa na umri, kama miaka 40. Yaani mtu na miaka yake 40, amelelewa ikulu, amesomeshwa, anakula anashiba, siku moja anaamka anasema mimi naenda kuwaona watu wangu.

Na hapo ndipo maneno yanapoanza. Umekosa nini huko ulikolelewa? Mimi nimeulizwa hilo swali na watu wazima wenye akili zao, wengine watumishi.

Wengi mnanijua kama mtoto wa marehemu mzee wa reli pale Mwanga, Kigoma mjini. Baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, kazi ndiyo iliyomleta huku mwisho wa reli, na mama naye wa huko huko, nyumbani kwetu asubuhi ni mwangaluka, salamu ya Kinyamwezi, mchana Kiswahili. Kwamba hawakunizaa wao, mimi nilijua nikiwa darasa la sita, tumegombania mpira na mtoto wa jirani akanitolea hilo neno, we waliokuokota huko milimani. Nikakimbia nyumbani. Mama alikuwa uani anachambua dagaa kwenye ungo, hakunyanyua kichwa kwanza, alimaliza kutoa mchanga na vijiwe ndo akasema, "Kinachookotwa ni kuni. Wewe tulikuomba, tukapewa." Akaniambia aliyenizaa alikuwa Muha wa upande wa Buhigwe, alifariki siku ya kunizaa, kwao hapakuwa na maziwa ya kunikuza nikapelekwa kwa watu wa misheni, na wao wakanichukua pale. Habari ikaishia hapo na mimi sikuuliza tena kwa miaka mingi maana nilimwona mama alivyoinama kwenye ule ungo.

Kilichoniamsha ni fomu ya kitambulisho cha taifa. Jina la mama, mahali alipozaliwa mama, na sisi wa Kigoma mnajua kwa sababu ya mpaka tunaulizwa mpaka bibi alizaliwa wapi. Nilimwandika mama yangu wa Tabora bila wasiwasi, ni mama yangu, lakini usiku sikulala. Nikaanza kufuatilia kimyakimya. Kilichonisaidia ni kitabu cha ubatizo, maana nilibatizwa haraka haraka nikiwa mchanga, wakijua labda sifiki Jumapili, na aliyeandika alikuwa na mwandiko mzuri Mungu ambariki, akaweka jina la mama, pembeni akaandika "marehemu", na chini jina la kijiji. Nilikaa na ule ukurasa mpaka mhudumu akaniuliza kama nataka maji.

Kwa wale wanaosema kutafuta ni kukosa shukrani, Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 6 imesema wazi mtoto ana haki ya kuwajua wazazi waliomzaa na ndugu zake wa ukoo. Ilipotoka mimi nilishakuwa na ndevu, sawa, ila angalau inaonyesha hii sio tamaa ya mtu mpungufu. Na msinitumie tena Zaburi 27:10, "Baba yangu na mama yangu wameniacha". Nimetumiwa hiyo na watu zaidi ya wanne. Mama yangu hakuniacha jamani, alikufa.

Sasa rudini kwa Musa. Tunapenda kudhani ukiwapata ndugu ni vigelegele, kumbe safari ya kwanza ya Musa iliharibika vibaya. Anamuua Mmisri, kesho yake anaenda kusuluhisha Waebrania wawili, ndugu zake wa damu, mmoja anamgeukia: "Ni nani aliyekuweka wewe uwe mkuu na mwamuzi juu yetu?" Stefano anasema Musa alidhani watafahamu, lakini hawakufahamu. Hilo neno "alidhani" limenikaa sana.

Maana na mimi nilidhani. Nilikodi bodaboda kutoka kituoni, shati jipya, simu mkononi narekodi njia nzima, migomba, kahawa, watoto wanapunga mkono, nimeenda kama mtu wa sensa. Sikutuma mtu mbele, sikwenda na mzee yeyote, tena na Kiha sikijui. Nikaonyeshwa nyumba, akatoka mwanaume ananizidi miaka kama sita hivi, paji la uso langu kabisa, nikajieleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikaribisha hata kigoda, akasema, "Nani kakutuma? Kama ni shamba la mzee, lilishagawanywa." Huyo ndiyo kaka yangu. Baba aliyenizaa alishafariki. Nikarudi na bodaboda ile ile, haikuwa imezima hata injini.

Sikumlaumu sana nilipotulia. Mtu ana heka mbili, ana watoto, anatokea mwanaume mwenye shati jipya anasema mimi mdogo wako, wewe ungefikiri nini?

Nilipofika nyumbani mama akaniwekea chakula akakaa upande wa pili wa meza, akasema, "Ulienda." Hakuniuliza, alisema tu. Nikalia pale mbele yake nikiwa na miaka 35. Basi nikaifunga ile habari, miaka mitatu sijaigusa, hiyo ndo ilikuwa Midiani yangu. Musa alikimbilia Midiani akakaa miaka 40, anachunga kondoo wa mkwewe, na hatusomi popote kwamba alituma hata salamu Misri.

Hapa ndipo nilipotaka tufike wapendwa. Kutoka 4:14, Musa anabishana na Mungu pale kwenye kijiti anasema hajui kusema, Mungu anamjibu habari za Haruni: "tazama, anakuja kukulaki, naye atakapokuona, atafurahi moyoni mwake." Anakuja! Musa bado anatoa visingizio, viatu amevua, huku ndugu yake habari zake ziko njiani tayari. Mstari wa 27 wakakutana kwenye mlima wa Mungu, Haruni akambusu. Kut 7:7 inatuambia mmoja alikuwa na miaka 80 na mwingine 83. Wazee kabisa.

Mimi simu iliingia saa mbili usiku, namba ngeni, nikajua matapeli. Sauti ya mwanamke, Kiswahili chenye Kiha ndani yake. Hakujitambulisha. Akasema, "Lile begi lako la bluu lilikatika mkanda ukawa unalibebea kwapani. Walikununulia lingine?"

Kidogo nidondoshe simu. Begi la bluu nilikuwa nalo darasa la nne, hakuna picha yake na sijawahi kumsimulia mtu, hata mke wangu halijui.

Alikuwa dada yangu. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka tisa, ndo alinibeba mgongoni wiki zile za mwanzo akininywesha uji mwepesi kwa kijiko, na nilipochukuliwa aliambiwa tu kuna mtu wa reli. Alipokua akawa anashuka mjini na maharage kuuza soko la Mwanga, akaulizia taratibu mpaka akaijua nyumba, akaijua shule. Alikuwa anasimama ng'ambo ya barabara chini ya mwembe wakati tunatoka. Baba yetu alikuwa amewakataza, mtoto wa watu mwacheni ashibe. Basi akawa anaangalia tu, anaona nimeongezeka, anaona viatu, anaona begi limekatika, anapanda gari anarudi Buhigwe. Ile siku nilipofukuzwa yeye alikuwa shambani, aliposikia aligombana na kaka, halafu ikamchukua miaka mitatu kuipata namba yangu.

Kutoka 2:4. "Umbu lake mtu akasimama mbali, ili ajue yatakayompata." Umbu ni dada, kwa vijana wetu mliozoea tafsiri nyepesi. Nimeusoma huu mstari tangu utoto nikidhani ni wa kujazia hadithi.

Safari ya pili nilienda na mzee wetu mmoja wa kanisa, kilo tano za sukari, dagaa, simu mfukoni. Kufika nikachanganyikiwa nikawasalimia mwangaluka, wakacheka mpaka kuku wakakimbia, dada ananifundisha, mwakeye, sema mwakeye. Kaka alikuja jioni. Hakuomba msamaha, na mimi sikumngoja aombe. Alisema tu twende, tukashuka nyuma ya migomba mpaka kwenye kaburi la mama, na pale pote palikuwa pamefyekwa, majani yamelazwa pembeni bado hayajanyauka. Haruni alimbusu nduguye, kaka yangu alifyeka.

Jambo la mwisho kabla sijawachosha, maana huyu mama hahubiriwi. Binti Farao alijua toka siku ya kwanza, mstari wa 6, "Huyu ni mmojawapo wa watoto wa Waebrania", hakujidanganya. Na yeye ndiye aliyempa mtoto jina. Mungu alipoita kwenye kijiti hakuita kwa jina lolote la Yokebedi, mama aliyemzaa, aliita Musa, Musa, jina alilopewa na yule mama wa Kimisri. Kule Buhigwe wananiita kwa jina lao na naitika, nimelipenda kwa kweli, lakini nikipiga magoti najikuta bado ni yule yule wa Mwanga.

Najua humu hatuko wachache. Mkoa huu watoto wamevuka mpaka na ziwa mikononi mwa majirani, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo toka 1996 na wapo waliokulia pale wakilelewa na asiye ndugu. Anayetaka kuanza kutafuta anitafute pembeni tuzungumze, ila asiende na bodaboda peke yake.

Maombi ya wiki: wanaotafuta ndugu, na wale waliosimama mbali wanaangalia tu. Pia mniombee Jumapili, dada anashuka, ndo mara ya kwanza ataingia ile nyumba aliyokuwa anaipita kwa nje. Mama toka jana hajatulia, amebadilisha mapazia, amenunua samaki, migebuka minne mikubwa, na ameshanipigia mara tatu kuniuliza kama huyo dada anakula mgebuka au achinje kuku. Nimemwambia sijui mama, hata mimi bado najifunza anachokula.