Kuifuata ziara ya wasanii ndani ya mafaili ya serikali

Anayeanza utafiti wa diplomasia ya utamaduni, yaani serikali kutumia sanaa na elimu kujenga uhusiano na nchi nyingine, hutamani kuandika kuhusu ushawishi, taswira ya nchi na Vita Baridi. Ukienda kwenye hifadhi ya nyaraka ukaomba faili la ushawishi, hutalipata. Yapo mafaili ya ziara ya bendi, maonyesho ya picha, ufadhili wa wanafunzi, maktaba ya ubalozi. Ndiyo maana nashauri kuanza na tukio moja lenye mwanzo na mwisho, ukalifuata kuanzia siku lilipopendekezwa hadi hesabu zake zilipofungwa.

Ziara za wanamuziki wa Marekani zinafaa sana kwa kazi hii kwa sababu njia ya fedha zake inajulikana. Mwaka 1954 Rais Eisenhower aliomba bungeni dola milioni 5 za dharura, na kati ya hizo dola 2,250,000 zikatengwa kwa sanaa za jukwaani chini ya Wizara ya Mambo ya Nje. Sheria ya 1956 ikaufanya mpango huo kuwa wa kudumu. Wasanii walipitishwa kwanza na kamati za wataalamu wa muziki, dansi na tamthilia, zilizoendeshwa na taasisi ya tamthilia ya Marekani iitwayo ANTA. Kwa hiyo ziara moja, tuseme ile ya mpiga tarumbeta wa jazi Dizzy Gillespie ya 1956, iliacha karatasi sehemu nne: kwenye kamati, wizarani, balozini na bungeni. Wengi huishia wizarani. Mimi naona kumbukumbu za vikao vya kamati zina utajiri zaidi, maana humo ndimo wanamotajwa waliokataliwa pamoja na sababu za kukataliwa. Majina hayo yanakuonyesha ni upande gani wa nchi ambao wakubwa hawakutaka uonekane ng'ambo.

Nyaraka zenyewe zimetawanyika. Kwenye hifadhi ya taifa ya Marekani huko College Park, Maryland, kundi namba 59 ni la wizara na namba 306 ni la USIA, shirika la habari la serikali lililodumu kuanzia 1953 hadi 1999. Lakini sehemu kubwa ya karatasi za idara ya elimu na utamaduni ya wizara iko Chuo Kikuu cha Arkansas, Fayetteville. Uingereza, mfululizo wa BW ulioko hifadhi ya taifa ya Kew, London, ndio wa British Council, shirika la utamaduni la nchi hiyo lililoanzishwa 1934. Kwa Ufaransa, karatasi za wizara ziko La Courneuve na za balozi ziko Nantes. Ukienda kwenye moja tu umepata nusu ya mazungumzo. Moscow, kwenye hifadhi ya serikali iitwayo GARF, fondi (kundi la nyaraka) namba 5283 ni ya VOKS, chombo cha Kisovieti cha mahusiano ya utamaduni cha 1925 hadi 1958, na fondi 9576 ni ya chombo kilichokirithi.

Mtego mmoja upo kwenye mfumo wa kupanga mafaili. Wizara ya Marekani ilitumia namba hadi mwanzoni mwa 1963: miaka ya 1950 mambo ya utamaduni yalikaa chini ya 511, na ziara za watu chini ya 032 ikifuatiwa na jina la ukoo. Kuanzia Februari 1963 zikaja herufi, CUL na EDX. Asiyejua hilo huona mpango aliokuwa akiufuata umekatika ghafla, akaandika kwamba serikali iliusitisha, kumbe umehamia sanduku jingine.

Ukishapata ripoti ya ubalozi, kumbuka iliandikwa kwa ajili ya nani. Afisa utamaduni aliwaandikia wale watakaoamua bajeti ya mwaka ujao, kwa hiyo ukumbi hujaa na magazeti husifu. Uliza ukumbi ulikuwa na viti vingapi, tiketi ziliuzwa au ziligawiwa, na waliogawiwa walikuwa akina nani. Vipande vya magazeti vilivyoambatanishwa vitafute kwenye toleo zima la siku ile, kwa sababu mkasi wa ubalozi ulichagua. Kisha soma telegramu zilizotumwa kabla ya onyesho, wakati hakuna aliyejua litakwendaje. Humo mna hofu na ugomvi ambao ripoti ya mwisho imeufuta.

Athens, 1956, wanafunzi walioipigia mawe ofisi ya habari ya Marekani kwa hasira ya suala la Cyprus, kisiwa kilichokuwa chini ya Uingereza ambacho Wagiriki walitaka kiungane na Ugiriki, walimshangilia Gillespie muda mfupi baadaye. Mara nyingi kisa hiki huelezwa kama ushindi wa jazi. Mimi nasita. Makofi yalikuwa ya mpiga tarumbeta, na suala la Cyprus lilibaki palepale. Wasanii nao hawakuwa vipaza sauti vya wizara: Septemba 1957, wakati wa mgogoro wa shule ya Little Rock, Arkansas, ambako wanafunzi weusi walizuiwa kuingia shule ya wazungu, mpiga tarumbeta Louis Armstrong alisema hadharani kwamba hatakwenda Umoja wa Kisovieti kwa niaba ya serikali inayowatendea vile watu wake. Hivyo tafuta pia mikataba, mahojiano na barua binafsi. Kanda alizojirekodia Armstrong mwenyewe zimehifadhiwa kwenye makumbusho yake huko Queens, New York.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kumwacha mwenyeji. Tamasha la sanaa za watu weusi la Dakar, Aprili 1966, likisomwa kwenye karatasi za Marekani linakuwa kituo kimoja tu cha ziara ya mwanamuziki wa jazi Duke Ellington. Kwa Senghor, rais wa Senegal, lilikuwa jukwaa la négritude, falsafa ya kujivunia utamaduni wa watu weusi. Wasovieti walileta meli iliyotia nanga bandarini ikawa hoteli ya wageni. Miaka mitatu baadaye, kwenye tamasha la Algiers, négritude hiyohiyo ilishambuliwa waziwazi. Ugomvi huo ulikuwa wa Waafrika wenyewe, na utauona kwenye hotuba, magazeti na nyaraka za wenyeji.

Fedha za siri zina dalili zake. Congress for Cultural Freedom, jumuiya ya wasomi na wasanii waliopinga ukomunisti iliyoanza Berlin 1950, ilifadhiliwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA, kupitia wakfu mbalimbali, na habari zikafichuka 1966 na 1967. Dalili zilionekana mapema, 1964, mbunge Wright Patman alipochunguza kumbukumbu za kodi za wakfu. Linganisha ruzuku iliyotolewa na mapato ya mtoaji. Wakfu mdogo unaotoa kikubwa kuliko unachoingiza unastahili kufuatiliwa. Ila usimhukumu kila aliyepokea kwamba alijua.

Karatasi ikiwa imeondolewa kwenye faili kwa sababu za usiri, utakuta fomu mahali pake. Nakili tarehe, mwandishi, mpokeaji na idadi ya kurasa, kisha tumia taarifa hizo kuomba ifunguliwe. Wakati unasubiri, tafuta nakala upande mwingine, kwani telegramu ileile huenda iko wazi kwenye sanduku la shirika jingine au la nchi rafiki. Na unapopiga picha, anza na lebo ya sanduku na jalada la faili, halafu kila karatasi mbele na nyuma: saini za walioidhinisha na maneno yaliyoandikwa kwa kalamu mara nyingi yako upande wa nyuma.