Malimbikizo ya Mahjub bin Adam

Ukimtafuta kwa jina moja utampoteza. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Berlin walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen, na hilo Husen utalikuta pia limeandikwa Hussein, kutegemea karani alivyosikia. Anayefuatilia habari za askari wa enzi ya Mjerumani na aanze na tahadhari hiyo, maana mtu mmoja anaweza kuonekana watu watatu kwenye majalada, na watu watatu wakaonekana mmoja.

Baba yake alikuwa askari Msudani mwenye cheo cha efendi. Ngazi za Waafrika katika jeshi lile zilibeba majina yaliyotoka jeshi la Misri na la Waturuki: ombasha, shaushi, betshaushi, soli, na juu kabisa efendi. Wasudani wa kwanza waliajiriwa na Wissmann, afisa wa Kijerumani, huko Misri mwaka 1889, wakaja na wake zao, watoto na desturi zao za kambini. Mtoto wa efendi alikulia humo. Mahjub alijifunza Kijerumani mapema, akafanya kazi ya ukarani Lindi kabla hata Vita vya Kwanza vya Dunia havijaanza.

Agosti 1914 alikuwa na miaka kumi. Yeye na baba yake wakaingia vitani, na Mahjub akawekwa kama mwanafunzi kwenye kikosi cha ishara, wale wanaopeleka ujumbe kati ya vituo. Nafasi hiyo haikuwa ya kuchezea mtoto. Jeshi lilihitaji watu wanaosoma, wanaoandika haraka na wenye macho makali, na wavulana waliopita shule walikuwa na hayo yote.

Tuchukue kioo cha ishara, kile kinachorusha mwanga wa jua. Kioo kinasimama juu ya miguu mitatu, na katikati yake kuna kitundu kidogo cha kulengea. Mtumaji anakilenga kituo cha pili, halafu anakiinamisha kwa kitufe: mwako mfupi nukta, mwako mrefu mstari. Ugumu uko kwenye jua lenyewe. Linasogea nyuzi 15 kwa saa, na mwali unaotoka kiooni ni mwembamba, kama nusu nyuzi tu. Kioo kikiachwa bila kurekebishwa, dakika mbili zinatosha mwali kukikosa kituo kabisa, na aliyeko kilima cha pili anaona giza katikati ya neno. Ndiyo maana kazi inataka zaidi ya mtu mmoja: wa kutuma, wa kusoma majibu kwa sauti, wa kuandika. Jua likiwa mgongoni lazima kioo cha pili cha kulipokea na kulirudisha mbele. Wingu likipita, kimya. Usiku ni taa. Na nyika ya Kusini ikishafunga, vituo viwili havionani, hapo ujumbe unapita kwa waya wa simu au kwa miguu ya mtu. Anayetumwa na karatasi chini ya risasi ni huyo huyo mvulana.

Mahiwa iko nyuma ya Lindi, upande wa bara. Mapigano yalianza tarehe 15 Oktoba 1917 yakaenda siku nne. Upande wa Waingereza kulikuwa na askari wapatao 4,900, wengi wao Wanigeria na wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki). Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu kama 1,500. Waingereza walipoteza zaidi ya nusu ya nguvu yao, waliokufa na waliojeruhiwa. Wajerumani walipoteza mia tano na kitu. Kwa hesabu za vitabuni Wajerumani walishinda. Mimi siiti ushindi. Waingereza wangeweza kuleta kikosi kingine na Wajerumani hawakuwa na pa kutoa hata mtu mmoja. Risasi zilikaribia kwisha, kwinini ilikuwa ya kupimwa, na mwezi uliofuata Lettow akapunguza jeshi lake hadi kwa wale wanaoweza kutembea. Wagonjwa na majeruhi waliachwa wakamatwe. Waliobaki wakavuka Ruvuma tarehe 25 Novemba na kuingia Msumbiji.

Mahjub alijeruhiwa Mahiwa na kuangukia mikononi mwa Waingereza. Mateka wa vita, akiwa na umri wa miaka 13.

Hapa ndipo wengi wanaosimulia maisha yake wanaruka haraka kwenda Berlin, na ndipo pa kusimama. Kabla ya vita askari wa kawaida alilipwa kuanzia rupia 20 hivi kwa mwezi, rupia moja ikiwa heller 100, na rupia 15 sawa na mark 20. Vita vilipofunga bahari, fedha taslimu ilikauka. Serikali ya koloni ikachapa noti za dharura, na mwaka 1916 karakana ya reli Tabora ikagonga sarafu za heller 20 na za dhahabu za rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Hazikutosha. Mwisho mishahara ikawa deni la kuandikwa. Lettow aliposalimisha silaha Abercorn (Mbala ya leo, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, askari waliokuwa naye walipewa hati za madai yao. Aliyekamatwa mwaka mmoja kabla hakuwepo Abercorn. Jeraha lilimwondoa vitani, na pia lilimwondoa kwenye foleni ya karatasi ambayo baadaye ndiyo ingemtambulisha.

Baada ya vita akafanya kazi melini, mhudumu wa abiria. Mwaka 1929 akashuka Ujerumani akaenda Berlin kudai malimbikizo ya mishahara ya vita, ya kwake na ya baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ilimkatalia: amechelewa, muda wa madai umepita. Angefikaje mapema? Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza, ofisi inayodaiwa iko Berlin, na nauli haipatikani bila mshahara unaodaiwa. Ucheleweshaji huo ulitengenezwa na wadaiwa, kisha ukatumika dhidi ya mdai.

Akabaki. Alikuwa mhudumu Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz, na akafundisha Kiswahili, pia katika chuo kikuu cha Berlin chini ya Profesa Diedrich Westermann. Waliofundishwa na yeye ni watu waliojiandaa kurudi kutawala makoloni siku yakirudishwa. Yeye mwenyewe alihudhuria mikutano ya watetezi wa makoloni akiwa amevaa sare ya askari. Wasomaji wa kwetu hukwazika hapo, na nakubali kuwa inauma. Ila tuangalie alichokuwa nacho mkononi: hana hati, hana mshahara, na sare ndiyo ushahidi pekee wa kwamba nchi ile inamdai heshima.

Alimwoa Maria Schwandner tarehe 27 Januari 1933. Siku tatu baadaye Hitler akawa kansela.

Yaliyofuata yalikuja kwa mafungu. Waafrika kutoka makoloni ya zamani walinyang'anywa pasi za Kijerumani wakapewa za wageni. Nishani ya msalaba kwa wapiganaji wa mstari wa mbele ilipoanzishwa 1934, Mahjub aliiomba akakataliwa. Kazi ya Haus Vaterland ikaisha 1935. Sheria za Nuremberg, za ubaguzi wa mbari, zilitoka Septemba mwaka huo huo, na miezi michache baadaye zikatangazwa kuwahusu na watu weusi. Septemba 1939 akajitolea kujiunga na jeshi tena. Wakamkatalia. Kilichobaki kumlisha yeye na familia ni filamu. Aliigiza katika zaidi ya 20, mara nyingi sehemu ndogo za mtumishi au mbeba mizigo, kwa sababu studio zilihitaji nyuso nyeusi kwa picha za kusifu ukoloni. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya mwaka 1941 kuhusu Carl Peters, mwanzilishi wa koloni la Wajerumani, mtu ambaye huku kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Mahjub akawekwa kuwa kiongozi wake wa njia, mwaminifu kupindukia.

Mwaka huo huo wa filamu, Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakamkamata. Kosa: uhusiano na mwanamke Mjerumani, kile walichokiita kuchafua mbari. Hakupelekwa mahakamani. Walikuwa na utaratibu wa kizuizi cha polisi usiohitaji hakimu wala hukumu, kwa hiyo hakukuwa na tarehe ya kutoka. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, akakaa miaka mitatu. Alikufa humo tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka 40. Mara ya kwanza alishikwa na adui, akahesabiwa kuwa mwanajeshi, akaachiwa. Mara ya pili alishikwa na waliomdai utii tangu ana miaka kumi, na kwao hakuhesabiwa kitu.

Mwaka 2007 jiwe dogo lenye bamba la shaba, sentimita kumi kwa kumi, liliwekwa njiani mbele ya Brunnenstraße 193, alipoishi.

Na deni? Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza wazee mamia, wachache tu wakiwa na hati za 1918, wengine na vipande vya sare. Mlipaji akawakabidhi ufagio mmoja mmoja, akatoa amri za bunduki kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Mahjub angekuwa na miaka 60, na amri zile angezifuata bila kutafsiriwa.