Jina Lake Nani?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Luka 1:57-66, kisha Ruthu 1:19-21.

Jumanne tulikwenda akina mama watano kumwona mzazi. Tulibeba yale ya siku zote: sukari, sabuni ya mche, doti moja ya khanga, na ndizi za mtori. Mtoto alikuwa na siku kumi na mbili, amelala ngumi zimefungwa kama mtu anayeshikilia nauli. Nikaomba kadi ya kliniki niangalie uzito. Palipotakiwa jina, nesi alikuwa ameandika "Mtoto wa", halafu jina la mama. Nikauliza kama ambavyo yeyote angeuliza: jina lake nani?

Mama akajibu bila kuinua macho. "Nitamwita Majuto."

Baba wa mtoto aliondoka mimba ikiwa ya miezi mitano, na hajarudi. Hakuna aliyeuliza majuto ya nini.

Kumwita mtoto kwa lililotokea ni jambo letu la tangu zamani. Kwa Wasukuma, Mabula amekuja na mvua. Pacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Hapo hata kikao cha ukoo hakihitajiki. Wajaluo, mtoto akizaliwa baada ya ndugu zake kufa, walikuwa wakimtoa nje kana kwamba wanamtupa, mtu mwingine anamwokota, naye anaitwa Owiti, au Awiti akiwa wa kike. Wapo wanaoicheka mila hiyo. Mimi siicheki. Nyuma yake yupo mama aliyezika, anayehangaika asizike tena.

Lakini Majuto si jina la namna hiyo. Mabula linasema mtoto alikuja lini. Majuto linasema heri asingekuja, na mtoto ndiye atakayeitika kila linapotajwa, shuleni, kisimani, hata siku ya harusi yake, kwa kosa la mtu ambaye pengine hatamjua sura.

Raheli alifanya hivyo hivyo akiwa anakata roho njiani kwenda Efrathi. Akamwita mwanawe Benoni, mwana wa huzuni yangu. Nani angemlaumu? Yakobo mwenyewe alikuwa akimpoteza mke aliyemtumikia miaka kumi na minne. Hata hivyo akasema Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Alimlilia mkewe, akasimamisha nguzo juu ya kaburi lake, ila huzuni ile hakumtwisha mtoto.

Sasa njooni kwa Elisabeti. Siku ya nane nyumba imejaa jirani na jamaa, na jina wameshaamua: Zakaria, la baba yake. Mzazi anasema, la, ataitwa Yohana. Wanamjibu kwamba hakuna mtu katika jamaa zake aitwaye jina hilo. (Mawifi wa Yudea na mawifi wa kwetu, sioni tofauti.) Hawakuridhika na neno la mwanamke, wakamgeukia mzee aliyekuwa bubu, wakamwashiria kwa mikono. Naye akataka kibao, akaandika: "Jina lake ni Yohana." Angalieni hapo. Hakuandika kwamba litakuwa Yohana. Alikuwa amenyamazishwa na malaika aliyemtajia jina hilo, tangu kabla mimba haijatungwa, miezi zaidi ya tisa bila kubishana na mtu, na alichotoka nacho katika kimya kile ni kwamba jina lipo tayari. Kazi yake ni kuliandika tu. Na maana yake ni kwamba Bwana ana neema.

Haya yote sikuyasema pale. Nilitaka kuyasema, nikamshukuru Mungu kwamba dada mmoja wa kwaya alinitangulia. Yeye anaitwa Shida. Alizaliwa 1974, mwaka wa njaa, watu wakila unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Akamchukua mtoto, akamlaza mapajani, akasema, "Mimi nimeitwa Shida miaka yote hii. Jina langu linamsema mama yangu, halinisemi mimi. Lakini ilinichukua muda kulijua hilo. Darasani mwalimu akiita, watoto wanacheka: Shida yupo? Shida yupo!" Tukacheka, hata mzazi akacheka kidogo. Kisha dada Shida akasema habari za Yabesi, yule wa 1 Nyakati 4, ambaye mama yake alimwita hivyo kwa sababu alimzaa kwa huzuni. Hatusomi popote kwamba alibadilishiwa jina. Alimwomba Mungu huzuni ile isimpate, na Mungu akamjalia.

Mzazi akauliza, "Sasa machungu yangu niyaweke wapi?"

Swali hilo nimelala nalo tangu Jumanne. Naomi aliporudi Bethlehemu mikono mitupu aliwaambia wanawake wa mji wasimwite Naomi, wamwite Mara, kwa kuwa Mwenyezi amemtenda mambo machungu sana. Wakamsikiliza. Hakuna aliyemkemea kwamba amekosa imani. Ila someni kitabu chote mpaka mwisho, hamtaona hata mmoja aliyemwita Mara. Sura ya nne, mjukuu anapozaliwa, jirani wale wale wanasema, "Naomi amezaliwa mwana", na ndio waliompa mtoto jina, Obedi. Machungu yake yalibaki kwao, wakamtunzia na jina lake.

Basi nikamjibu mzazi, machungu tupe sisi. Tukakaa mpaka jioni, akasema mengi ambayo siyaandiki hapa. Mtori ukaungua chini kidogo, tukaula hivyo hivyo.

Tulipoaga, kadi ilikuwa bado haina jina. Ametuomba tumpe mpaka Jumapili. Mwombeeni, na zamu ya kumfulia Ijumaa haijapata mtu.