Skrini ya bluu ya pili ndiyo ilikuwa ya kweli

Mwaka 2008, kwenye duka letu la mafundi kompyuta Kariakoo, kijana mmoja alimtegea fundi mwenzake utani. Alipakua BlueScreen ya Mark Russinovich wa Sysinternals, watengenezaji wa zana za Windows. Ni skriniseva, yaani picha inayojitokeza kompyuta ikikaa bila kuguswa, na hii huiga skrini ya bluu ya Windows iliyokwama kwa hitilafu. Akanakili faili lake la .scr kwenye folda ya System32, akalichagua na kuweka muda wa dakika 1. Mwenzake alikuwa amekwenda kula.

Utani ule umetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Skriniseva huchukua taarifa za kompyuta yenyewe, kama namba ya toleo la Windows, draiva (programu zinazoendesha vifaa) zilizopakiwa na ukubwa wa memori. Baada ya sekunde kama 15 huonyesha kompyuta ikijiwasha upya, kisha bluu inarudi. Hata fundi mzoefu wa wakati huo akiangalia namba hakuona kasoro.

Yule fundi aliporudi hakugusa kibodi. Alichomoa waya wa umeme. Profoma ya mteja aliyoiandika tangu asubuhi, bila kuihifadhi, ikapotea. Hapo ndipo utani huu unapodhuru: usiutege kamwe kwenye mashine yenye kazi iliyo wazi. Ukitegewa wewe, bonyeza Caps Lock kwanza. Skriniseva itaondoka. Windows ikiwa imekufa kweli, kubonyeza hakubadilishi kitu, hata taa ya Caps Lock haibadiliki.

Siku chache baadaye bluu ikatokea tena kwenye mashine ileile. Fundi akacheka, akabonyeza kitufe. Akabonyeza kingine.

“Bwana we, leo hunipati tena!”

Taa ya Caps Lock haikuwaka. Duka zima likanyamaza, maana kijana alikuwa amesimama mlangoni akiapa kwamba skriniseva alishaifuta.

Kwa bahati, mafundi walikuwa wameondoa alama ya kujiwasha upya kwenye mipangilio ya Startup and Recovery. Bila hivyo Windows XP hujizima na kuwaka kabla hujasoma lolote. Msimbo ulibaki pale: 0x00000050, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Maana yake Windows imetafuta data kwenye anwani ya memori isiyokuwa nayo. Huweza kusababishwa na draiva mbovu, lakini RAM, yaani vipande vya memori, hukaguliwa mapema kwa sababu ni rahisi.

Tulichomoa umeme, tukashikilia kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, tukatoa vipande viwili vya RAM. Meno yake ya rangi ya dhahabu tuliyasugua taratibu kwa raba ya penseli, tukavirudisha mpaka vibanio vya pande zote mbili vikalia. Memtest86+, programu ya kupima RAM, ikaachwa ikizunguka kutoka kwenye CD usiku kucha. Asubuhi mistari myekundu ya makosa ilijaa. Tukapima kipande kimoja kimoja, maana ukipima vyote pamoja hujui kipi kibovu, na cha pili ndicho kilichofeli.

Kilifungwa selotepu, kikaandikwa “50” kwa kalamu ya wino mzito, kikatiwa kwenye kopo la skrubu ili asije mtu akakiuza.