Si angekufa naye?

Wifi kaniachia neno lake, mwenyewe kasharudi kwake. Nilikuwa nawasimulia watoto kifo cha Orpheus, mpiga kinubi wa Thrace, yeye akichambua mchele pembeni. Nilipofika pale wanawake wafuasi wa Bacchus, mungu wa mvinyo, wanapomrarua, akadakia: "Huyo alijitakia. Mke kafa, yeye kashuka kuzimu mzima mzima kumfuata. Kama alimpenda kweli, si angekufa naye?"

Wiki hii tumepokea mahari ya mdogo wangu, Baba Nuru kapata uhamisho, na mimi nasikia "si angekufa naye?" tu. Naosha vyombo, namjibu. Nipo kwenye daladala, namjibu.

Kinachochoma zaidi ni kwamba ana wenzake. Kwa Plato, mwanafalsafa Mgiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, mhusika wake Phaedrus anasema karibu hayo hayo: Orpheus alikuwa legelege, hakuthubutu kufa kwa ajili ya mapenzi kama Alcestis alivyomfia mumewe, ndiyo maana miungu wakamwachia afe mikononi mwa wanawake.

Jamani wifi, ungeningoja nimalize! Ovid, mshairi wa Roma ya kale, anasimulia kwamba mmoja wa wanawake hao alirusha jiwe, likashindwa na wimbo likiwa bado hewani, likamwangukia miguuni kana kwamba linaomba radhi. Basi wakaleta ngoma, filimbi, makofi na mayowe mpaka kinubi kisisikike tena. Hapo ndipo mawe yalipompata. Wakulima waliokuwa karibu wakakimbia na kuacha majembe, nayo yakatumika kummaliza. Jiwe limsikie, binadamu mwenye masikio akatae! Hapo huwa nashindwa kuendelea kusoma.

Jana nimeendelea. Kichwa na kinubi vikachukuliwa na mto Hebrus hadi baharini, hadi kisiwa cha Lesbos, ulimi bado ukinung'unika. Kivuli chake kikashuka kuzimu mara ya pili, kikamtafuta mkewe, Eurydice, kati ya wafu wema, kikamkumbatia. Sasa wanatembea pamoja. Mara mke mbele, mara yeye mbele, na akitaka kugeuka kumtazama, kosa lililompotezea mke safari ile ya kwanza, anageuka, hakuna wa kumnyang'anya. Nimecheka kwa furaha peke yangu jikoni. Kamfuata, wifi! Kafa na kamfuata! Jumapili nakupigia, usinikatie simu.

Nuru kaanza tena kukohoa usiku, kikohozi kikavu, na dawa ya mwanzo imekwisha. Kesho nampitisha kituo cha afya kabla ya kazi.